Joe Malone

Maurice Joseph Malone (28 Februari 1890 - 15 Mei 1969), anayejulikana zaidi kama Joe Malone, alikuwa mchezaji wa hoki ya barafuni kutoka nchini Kanada. Anakumbukwa hasa kwa rekodi mbili za Ligi ya Taifa ya Hoki (NHL): mabao 7 katika mechi moja, na wastani wa mabao 2.2 kwa mechi katika msimu mmoja. Hadi leo hakuna aliyezivunja.

Maisha ya awali

Malone alizaliwa katika eneo la jiji la Quebec na huko ndiko alikoanza kucheza. Alikuwa mshambuliaji wa kati. Kwa jinsi alivyowaponyoka mabeki bila kuonekana, alipewa jina la utani lenye maana ya mzuka.

Akiwa nahodha wa Quebec Bulldogs alitwaa Kombe la Stanley mwaka 1912 na 1913. Katika mechi moja ya kombe hilo mwaka 1913, dhidi ya timu ya Sydney kutoka Nova Scotia, alifunga mabao 9.

Msimu wa 1917-1918

NHL iliundwa Novemba 1917. Timu ya Quebec haikushiriki msimu wa kwanza, hivyo wachezaji wake waligawiwa kwa timu nyingine, na Malone akapelekwa Montreal Canadiens. Siku ya ufunguzi, tarehe 19 Desemba 1917, alifunga mabao 5 dhidi ya Ottawa. Hadi msimu unamalizika alikuwa na mabao 44 katika mechi 20.

Msimu uliofuata alicheza mechi 8 tu, kwa kuwa alikuwa amepata kazi ya kudumu mjini Quebec. Wakati huo malipo ya hoki hayakutosha kumhakikishia mtu maisha ya baadaye.

Mabao saba

Quebec iliporudi ligini katika msimu wa 1919-1920, Malone naye alirudi nyumbani. Tarehe 31 Januari 1920 alifunga mabao 7 dhidi ya Toronto St. Patricks, na Quebec ikashinda 10-6. Aliongoza ligi nzima kwa ufungaji msimu huo, lakini timu yake ilishinda mechi 4 tu kati ya 24. Mwaka 1920 timu ilihamishiwa Hamilton, na Malone alicheza huko misimu miwili kabla ya kumalizia Montreal mwaka 1924. Kwa jumla alifunga mabao 143 katika mechi 126 za NHL.

Takwimu zake na hesabu ya pointi

Katika hoki ya barafuni mchezaji hupata pointi 1 kwa kila bao analofunga na pointi 1 kwa kila pasi ya bao. Siku hizi wachezaji wasiozidi wawili huandikiwa pasi kwa bao moja. Kwa mfano, katika msimu wa 1919-1920 Malone alikuwa na mabao 39 na pasi 10, yaani pointi 49.

Hesabu hiyo haikuwa kamili tangu mwanzo. Katika msimu wa 1917-1918 ligi haikuweka kumbukumbu rasmi za pasi za mabao. Ilianza kufanya hivyo msimu uliofuata. Kwa hiyo waliomtengenezea Malone nafasi za kufunga mabao yake 44 hawakuandikiwa chochote wakati ule.

Kanuni za mchezo pia zilikuwa tofauti. Katika msimu huo wa kwanza haikuruhusiwa kumpasia mwenzako aliye mbele, hivyo mshambuliaji alilazimika kusonga na kisahani mwenyewe. Tena wachezaji wa akiba walikuwa wachache, na mchezaji bora aliweza kubaki uwanjani karibu dakika zote 60.

Maurice Richard wa Montreal alivunja rekodi ya mabao 44 mnamo Februari 1945, na Malone alikuwepo kumkabidhi kisahani cha bao hilo la 45. Richard alimaliza msimu akiwa na mabao 50 katika mechi 50, yaani bao 1 kwa mechi. Wayne Gretzky alifunga mabao 92 katika mechi 80 za msimu wa 1981-1982, wastani wa 1.15. Kwa jumla ya mabao ya msimu, wote wawili wamempita Malone. Kwa wastani wa kila mechi, yeye yuko mbali mbele yao. Ndiyo sababu idadi ya mabao peke yake haitoshi kuwalinganisha wachezaji wa nyakati tofauti: ni lazima kutazama pia idadi ya mechi na kanuni zilizotumika.

Miaka ya mwisho

Malone aliingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa Hoki mwaka 1950. Alifariki mjini Montreal akiwa na umri wa miaka 79.