Ibn Khaldun: Mwanazuoni aliyesimama kwenye kizingiti cha usingizi



Ndugu wasomaji, wengi wetu tunaijua ile saa ndogo iliyo kati ya kuwa macho na kulala. Mwili umekwisha kulegea, macho yamefumba, lakini mtu bado anajitambua. Mara husikia jina lake likiitwa, mara huona sura inayompitia. Wako pia wanaoota huku wakijua kabisa kwamba wanaota. Majumbani mwetu mambo haya huzusha maneno. Mmoja husema amepewa ufunuo, wa pili husema amerogwa, wa tatu hukimbilia kwa mpiga ramli, na mwisho wake jirani au jamaa hutuhumiwa kwa jambo asilolijua. Kwa sababu hiyo, Ijumaa ya leo tumeona vyema kuyasimulia maisha ya mwanazuoni aliyeandika juu ya saa hiyo zaidi ya miaka 600 iliyopita, naye akiwa ameyajaribu mwenyewe aliyoyaandika.

Huyo ni Abdurrahman bin Muhammad, anayejulikana duniani kote kwa jina la Ibn Khaldun. Alizaliwa Tunis siku ya kwanza ya Ramadhani mwaka 732 Hijria, sawa na tarehe 27 Mei 1332. Ukoo wake ulijinasibisha na Hadhramaut, kama zilivyo koo nyingi za mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Wahenga wake walikaa Sevilla katika Andalusia kwa karne nyingi kabla ya kuhamia Afrika ya Kaskazini. Alihifadhi Qur'ani na kusoma fiqhi, hadithi, lugha na mantiki. Alipokuwa kijana wa miaka 17 hivi, tauni kubwa ya miaka ya 1348 na 1349 ikawachukua baba yake, mama yake na walimu wake wengi.

Tangu hapo maisha yake yakawa ya kupanda na kushuka. Alitumikia masultani wa Tunis, Fez, Granada na Bijaya. Mwaka 1357 alitiwa gerezani huko Fez, akakaa humo karibu miaka miwili. Mwaka 1364 alikuwa mjumbe wa Sultani wa Granada kwa mfalme Pedro wa Castile, katika mji uleule wa Sevilla walikotoka wazee wake. Alipochoshwa na fitina za siasa, alijitenga mwaka 1375 katika ngome ya Ibn Salama, mahali palipo Algeria ya leo. Huko, mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano tu, akaandika rasimu ya kwanza ya Muqaddima, kitabu kilichomfanya akumbukwe hadi leo.

Watu wengi hukitaja kitabu hicho kwa elimu ya jamii na sababu za kuinuka na kuanguka kwa dola. Wachache hukumbuka kwamba mwanzoni mwake mna mlango mrefu juu ya namna mwanadamu anavyoweza kudiriki mambo yaliyofichika kwa hisi zake. Hapo ndipo alipozungumzia utume, ukahini, na pia ndoto.

Kwa mujibu wa elimu ya tiba ya zama zake, alieleza kwamba usiku roho ya uhai huziacha hisi za nje na kurudi ndani. Nafsi ikipunguziwa shughuli za macho na masikio, hupata faragha, nayo nguvu ya dhana huyavika sura yale inayoyadiriki. Alifuata mafundisho ya hadithi kwamba njozi ni za namna tatu: zitokazo kwa Mwenyezi Mungu, ambazo alisema huwa wazi, zitokazo kwa malaika, ambazo huhitaji tafsiri, na zitokazo kwa shetani, ambazo ni mavurugiko matupu. Akataja alama za njozi ya kweli: mwenye kuiona huzinduka upesi, nayo hubaki moyoni mwake bila ya kufutika.

Zaidi ya hayo, aliandika kwamba wapo watu ambao, katika nukta ileile ya kutoka kwenye kuwa macho na kuingia usingizini, hutamka maneno juu ya jambo wanalotaka kulijua. Alibainisha kwamba hali hiyo hutokea pale hiari ya mtu inapomtoka, hata akasema kama aliyelazimishwa na maumbile yake.

Kisha ndipo alipojitaja yeye mwenyewe. Alisimulia kwamba katika kitabu kimoja cha elimu za siri, ambacho alikinasibisha na Maslama al-Majriti wa Andalusia, ingawa watafiti wa leo hawakubali kuwa ni chake, alikuta maneno fulani ya kutamkwa wakati wa kulala. Mtu huyatamka akiwa ameituliza nafsi yake na kuielekeza, kisha hutaja haja yake, na huambiwa kwamba atakiona usingizini kile anachokiuliza. Ibn Khaldun alikiri kwamba kwa maneno hayo aliona njozi za ajabu, na kwamba alijua kupitia kwazo mambo ya nafsi yake aliyotamani kuyajua. Hakutuambia ni mambo gani.

Sisi hatuyaandiki maneno hayo hapa. Asili yake ni kitabu cha sihri, na Ibn Khaldun mwenyewe, katika Muqaddima hiyohiyo, alieleza kwamba sheria ya Kiislamu imeiharamisha sihri. Lililotuvutia ni hukumu aliyoitoa baada ya kukiri kwake. Hakudai kuwa amepata ufunguo wa ghaibu. Alisema kwamba kukusudia kuota hakumpi mtu uwezo wa kuileta njozi. Kinachopatikana ni nafsi kujiandaa tu. Kujiandaa kwa jambo ni kitu kimoja, na kulimiliki jambo lenyewe ni kitu kingine kabisa. Mkulima hulima na kupanda, wala hana amri juu ya mvua.

Hadhari hiyo aliionyesha pia katika elimu ya tafsiri ya ndoto. Alimtaja Ibn Sirin kuwa miongoni mwa mashuhuri wa fani hiyo, lakini akaonya kwamba alama moja haina maana moja. Bahari yaweza kuashiria mtawala, na mahali pengine ghadhabu. Nyoka yaweza kuwa adui, na mahali pengine uhai. Yote hutegemea hali ya mwotaji. Basi na wazingatie wanaofungua vijitabu vya ndoto na kumhukumu mtu kwa mstari mmoja.

Mwaka 1382 Ibn Khaldun alihamia Misri, akafundisha Al-Azhar, na mwaka 1384 akateuliwa kadhi wa madhehebu ya Maliki mjini Cairo. Katika mwaka huohuo aliwangoja ahali zake waliokuwa njiani kutoka Tunis. Dhoruba ikakipiga chombo chao, kikazama, wakapotea pamoja na mali. Huyu ndiye mtu aliyewahi kuulizia mambo yake usingizini, na bahari haikumsaza. Katika maneno machache aliyouandikia msiba huo, hakujitafutia faraja kwa kudai njozi yoyote. Alielekea kwenye ibada na elimu, na mwaka 1387 akaenda Hija. Mwaka 1401 alikutana na Timur nje ya kuta za Damascus. Alifariki Cairo mwezi wa Ramadhani mwaka 808 Hijria, Machi 1406, akazikwa katika makaburi ya masufi nje ya Bab al-Nasr.

Leo, hali alizozieleza zinachunguzwa katika maabara. Mwaka 1975 Keith Hearne wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alinasa ishara za macho za mtu aliyekuwa usingizini huku akijua kwamba anaota. Kwa hiyo, kijana anayetueleza kwamba husikia sauti anaposinzia, au kwamba hujitambua ndotoni, tusimcheke wala tusimwambie amerogwa. Tumsikilize, na tumfundishe adabu ya Mtume (S.A.W.): ndoto njema amshukuru Mwenyezi Mungu na amwambie ampendaye, ndoto mbaya ajikinge kwa Mola wake, ageukie ubavu wa pili, wala asimsimulie mtu. Sauti hizo zikimwandama hata akiwa macho, au zikimnyima usingizi, apelekwe kwa daktari.

Wala asitokee mmoja wetu akavunja undugu, akatoa talaka au akamtuhumu jirani kwa ushahidi wa ndoto. Aliyekuwa na elimu ya Ibn Khaldun, na aliyeona aliyoyaona, hakuthubutu kudai ghaibu. Sisi tuna hoja gani ya kuidai?

Wallahu aalam.