Bibi Fatma (r.a.) na Jivu la Mkeka

Bibi Fatma alizaliwa Makka, binti wa Mtume (s.a.w.) na Bibi Khadija. Angali mdogo, ndiye aliyemwondolea baba yake uchafu aliotupiwa mgongoni na makafiri akiwa amesujudu. Madina aliolewa na Sayyidna Ali, na mikono yake ikaota sugu kwa kusaga nafaka.

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (s.a.w.) alivunjika jino na uso wake ukajeruhiwa. Sayyidna Ali alileta maji kwa ngao, Bibi Fatma akaosha. Alipoona maji yanazidisha damu, alichoma kipande cha mkeka, akabandika jivu lake kwenye jeraha, damu ikakatika. Wamelipokea Bukhari na Muslim. Ibn al-Qayyim ameeleza kuwa mkeka ule ulikuwa wa mafunjo, na jivu lake hukausha.

Alifariki mwaka wa 11 Hijria, miezi 6 hivi baada ya baba yake.

Tunajifunza kuwa kujitibu hakupingani na tawakkul, na kwamba tiba isiyofaa huachwa ikashikwa inayofaa. Leo madaktari wana pamba safi, na vitambaa vya nyuzi za mimea vinavyozuia damu na kuyeyuka mwilini. Basi ndugu zetu, tusitie jivu la jikoni kwenye kidonda wala kitovu cha mtoto mchanga, huleta pepopunda. Tukandamize jeraha kwa kitambaa safi, tuwahi hospitali.

Allah Amridhie, na Atuwafikishe. Aamin.