Tajiri wa Marekani aliyesaka ziwa akapata kinamasi

MTO Ewaso Ng'iro Kaskazini huteremka kutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua, ukakata nyika ya Isiolo, kisha ukapotelea katika kinamasi cha Lorian, mpakani mwa Wajir na Garissa. Mwishoni mwa karne ya 19, wachoraji ramani wa Ulaya waliamini kwamba huko kulikuwa na ziwa kubwa. Aliyewavunjia ndoto hiyo ni William Astor Chanler.

Chanler alizaliwa mwaka 1867 nchini Marekani, katika ukoo wa Astor uliosifika kwa utajiri. Alifiwa na wazazi akiwa mtoto, akaacha masomo Harvard na kuja kuwinda karibu na Kilimanjaro.

Mnamo 1892 alirejea, akiandamana na Ludwig von Höhnel, mwanamaji wa Austria aliyewahi kufika Ziwa Turkana mwaka 1888 pamoja na Teleki. Msafara wao ulitoka Lamu, ukafuata Mto Tana, kisha ukaelekea kaskazini hadi Ewaso Ng'iro. Njiani walikuta maporomoko ambayo hadi leo yanaitwa kwa jina la Chanler.

Mapema 1893 wakafika Lorian. Ziwa halikuwepo. Mbele yao yalitanda matete na matope, na maji machache yaliyokuwa yakinywewa na ardhi. Wafugaji wa Kiborana na Kisomali, ambao mifugo yao iliponea hapo nyakati za kiangazi, hawakuhitaji mgeni wa kuwafumbulia fumbo hilo.

Mikosi ikafuata. Agosti mwaka huo kifaru alimjeruhi vibaya von Höhnel, akalazimika kubebwa hadi kwa wamishonari wa Kibwezi. Baadaye wapagazi kutoka Zanzibar wakamtoroka Chanler. Yeye aliwalaumu, ila ni vigumu kuwashangaa watu waliobeba mizigo ya mwenzao nyikani kwa zaidi ya mwaka mmoja. Alirudi pwani mwaka 1894, mipango yake ya kuvuka hadi Mto Juba ikiwa imevunjika.

Baadaye aliketi katika Bunge la Marekani kuanzia 1899 hadi 1901. Alifariki Menton, Ufaransa, mwaka 1934. Tohe wa milimani wa Afrika Mashariki pia hubeba jina lake katika vitabu vya sayansi.

Nacho kinamasi kimesinyaa, huku mashamba ya juu yakifyonza maji ya mto. Mvua kubwa zinyeshapo, kama za El Niño mwaka 1997, maji hufurika Lorian na kuufuata mkondo wa Lagh Dera kuelekea Liboi na Somalia.