Hans Renold na Mnyororo wa Mashine

Bila shaka umewahi kumwona fundi akiipindua baiskeli na kuipaka cheni yake oili. Cheni ni mnyororo. Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyeutengeneza mnyororo ulio imara namna ile? Soma habari za mtu huyo. Mwishoni utafahamu kwa nini mnyororo mdogo uliofichika ndani ya gari waweza kuiharibu injini nzima.

Hans Renold alizaliwa mwaka 1852 katika mji wa Aarau, nchini Uswisi. Alisomea uhandisi mjini Zürich. Mwaka 1873, akiwa kijana, alihamia Manchester, Uingereza, mji uliokuwa mashuhuri kwa viwanda vya nguo za pamba. Mwaka 1879 alinunua karakana ndogo huko Salford, jirani na Manchester, iliyotengeneza minyororo ya mashine za viwanda hivyo.

Minyororo ya siku zile ilikuwa na kasoro moja kubwa. Viungo vyake viliunganishwa kwa pini, na mzigo wote uliangukia sehemu nyembamba ya kila pini. Kwa hiyo pini zililika upesi. Mwaka 1880 Renold alipata dawa ya kasoro hiyo. Alizungushia kila pini kijibomba cha chuma kiitwacho bushi, na juu ya bushi akaweka kijigurudumu kiitwacho rola. Bushi ilieneza mzigo juu ya pini, na rola ilibingirika juu ya meno ya gurudumu badala ya kuyakwaruza.

Wewe mwenyewe unaijua kanuni hii. Ukibeba ndoo ya maji yenye mkono wa waya mwembamba, vidole huuma. Ukiuzungushia waya huo kitambaa kinene, maumivu hupungua. Mzigo ni uleule, lakini sasa umeenea mahali papana zaidi.

Mwaka 1885 Renold alibuni mnyororo mwingine, uliofanywa kwa vipande vya chuma vyenye meno. Mnyororo huo uliitwa mnyororo wa kimya, kwa sababu haukupiga kelele nyingi. Karakana yake ikakua, ikawa kiwanda kikubwa. Mwaka 1896 alipunguza kazi za wafanyakazi wake zikawa saa 48 kwa juma. Alifariki mwaka 1943, akiwa mzee sana.

Minyororo ya aina hizo mbili hutumika hata leo ndani ya injini za magari mengi. Mafundi huiita cheni ya taimingi. Kazi yake ni hii: chini ya injini kuna shafti inayozungushwa na pistoni, na juu kuna shafti inayofungua na kufunga vali, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Cheni huziunganisha shafti hizo mbili. Shafti ya chini ikizunguka mara 2, ile ya juu hapana budi izunguke mara 1 tu. Kwa hiyo, ikiwa gurudumu la chini lina meno 20, la juu litakuwa na meno 40.

Sasa fikiri. Tuseme cheni ina viungo 100, na kila kiungo kimelika milimita 0.05 tu. Huwezi kuona upungufu huo kwa macho. Lakini zidisha kwa 100: cheni nzima imerefuka milimita 5! Chuma hakikuvutika, ni pini na bushi zilizolika. Cheni iliyolegea hupiga kelele, hasa injini inapowashwa ikiwa baridi. Vali nazo huanza kufunguka kwa wakati usiofaa. Mwisho cheni huweza kuruka jino au kukatika. Katika injini nyingi, pistoni hupanda na kuigonga vali iliyobaki wazi. Vali hupinda na injini husimama.

Ni nini huilisha cheni hiyo upesi? Mara nyingi ni oili iliyopungua au iliyochafuka. Masizi na chembe za chuma zilizomo katika oili chafu husaga pini na bushi kama mchanga. Tena, katika injini nyingi kifaa cha kukaza cheni husukumwa na oili hiyohiyo. Oili ikipungua, cheni hulegea. Ndiyo maana dereva mwangalifu hupima oili na kuibadilisha kwa wakati, wala hapuuzi kelele ngeni.

Renold alipambana na kulika kwa chuma, akakupunguza sana, lakini hakukumaliza. Kazi iliyobaki ni ya mwenye mashine.

Jaribio
Tazama cheni ya baiskeli iliyosimama. Usiiguse cheni inayozunguka, kwani yaweza kukukata vidole. Tafuta pini na rola. Hesabu meno ya gurudumu la mbele na la nyuma. Pedali zikizunguka mara 1, gurudumu la nyuma litazunguka mara ngapi?

Maswali
1. Bushi ilisaidiaje pini zisilike upesi?
2. Cheni yenye viungo 120, kila kimoja kikiwa kimelika milimita 0.05, imerefuka milimita ngapi?
3. Eleza kwa nini oili chafu huweza kuharibu injini.