John Brown Herreshoff, Muunda Mashua Asiyeona

Ndugu wahitimu, na wanafunzi mliopo shuleni,

Mhariri ameniomba nieleze maisha ya mtu mashuhuri. Nimemchagua hayati John Brown Herreshoff wa Marekani, na sababu yangu nitaitaja mwishoni.

Alizaliwa mwaka 1841 katika mji mdogo wa pwani uitwao Bristol, jimbo la Rhode Island. Tangu utotoni alipenda kuunda mashua. Alipofika umri wa miaka kama 15 alipofuka kabisa, lakini hakuacha kazi. Mdogo wake Nathanael, aliyezaliwa mwaka 1848, akawa ndiyo macho yake, nchi kavu na baharini.

Katika miaka ya 1860 John alifungua karakana yake. Nathanael alikwenda kusomea uhandisi, na mwaka 1878 wakaungana kuanzisha kampuni ya Herreshoff. Waligawana kazi. Nathanael alichonga mfano mdogo wa mbao wa nusu ya mashua, na vipimo vyote vilitoka humo. John aliupapasa kwa vidole, akalitambua umbo lake na kutoa maoni. Yeye ndiye aliyepatana bei na wateja, akanunua mbao na kukadiria gharama kichwani.

Kuanzia 1893 hadi 1903 mashua zao zililitetea kombe la America's Cup mara 5 mfululizo dhidi ya mashua za Uingereza. Hizo kubwa zilikuwa za madini, lakini sifa ya karakana imedumu zaidi katika mashua za mbao. Kila taruma lilikuwa na kalibu yake, na mashua iliundwa kifudifudi, mkuku ukiwa juu. Kwa hiyo mashua za aina moja zililingana. Mwaka 1905 walitoa 18 za namna hiyo. Mashua ndogo waliyoianzisha mwaka 1914 kwa ajili ya kufundishia vijana bado inashindana hadi leo.

John alifariki mwaka 1915. Karakana ilifungwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Sasa pana makumbusho. Wengi humtaja Nathanael peke yake.

Sababu yangu ni hii. Darasani kwetu alikuwapo mwenzetu, hodari wa hesabu, ambaye macho yake yalififia tukiwa kidato cha pili. Tulimsindikiza hadi kituo cha basi, tukaona yamekwisha. Hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwamo, aliyejitolea kumsomea. Wanafunzi wa leo, akitokea mwenzenu wa namna hiyo, kaeni naye, msomeeni.