Nyumba ya Aliyekuwa Mali ya Watu

Katika mji wa Washington, makao makuu ya Marekani, ng'ambo ya mto Anacostia, kuna nyumba kilimani iitwayo Cedar Hill. Serikali yaitunza kama makumbusho, na vitabu na samani za mwenyewe vingali ndani. Mwenyewe alikuwa Frederick Douglass, ambaye utotoni alitiwa bei pamoja na farasi na ng'ombe, bwana wake alipofariki na mali kugawanywa.

Alizaliwa mwaka 1818 katika jimbo la Maryland. Mama yake, Harriet Bailey, alitumikishwa shamba la mbali. Akawa akitembea usiku kwenda kumtazama mwanawe, na kurudi kabla ya mapambazuko ili asipigwe. Alifariki mtoto akiwa na miaka saba hivi. Kisha mtoto alipelekwa Baltimore, na bibi wa nyumba akaanza kumfundisha herufi. Mume wake akakataza, akisema kuwa mtumwa ajuaye kusoma hatawaliki. Katazo hilo ndilo lililomfumbua macho Frederick. Akawa akiwapa mikate watoto wa Kizungu wa mtaani, nao wakimlipa kwa masomo.

Baadaye alikodishwa kwa mkulima aitwaye Covey, mashuhuri kwa kuwavunja nguvu watumwa wakaidi, na mashuhuri vile vile kwa sala zake. Kijana alipigwa miezi sita, mpaka siku moja akageuka na kupigana naye. Covey hakumpiga tena. Tarehe 3 Septemba 1838 Frederick alitoroka, amevaa nguo za baharia na kuchukua karatasi za mtu mwingine.

Sisi Wakatoliki tusiupite mwaka huo kwa haraka. Miezi michache kabla, katika Maryland hiyo hiyo, Mapadre Wajesuiti waliwauza watumwa wao 272 wapelekwe Louisiana, na sehemu ya fedha ikalipa madeni ya chuo cha Georgetown. Chuo hicho kimo Washington, mji ule ule wenye Cedar Hill. Mwaka 2017 chuo na Wajesuiti waliomba radhi hadharani mbele ya watu wa ukoo wa wale waliouzwa. Twaona ni vema jambo hili lisomwe katika gazeti letu kuliko kusikiwa kwa wengine.

Lakini alikuwako pia Daniel O'Connell, Mkatoliki wa Ireland. Douglass alimsikia akihutubia Dublin mwaka 1845, alipokimbilia huko baada ya kutoa kitabu cha maisha yake, maana kitabu kilimfichua. O'Connell aliulaani utumwa wa Marekani hata Waayalandi wenzake walioko kule walipokasirika. Mwaka 1846 rafiki wa Uingereza walimnunulia Douglass uhuru wake. Akarudi kwao, akaanzisha gazeti.

Mwaka 1877 aliinunua Cedar Hill. Aliyeijenga alikuwa mmoja wa waliogawa viwanja vya mtaa ule kwa sharti kwamba mtu mweusi asiuziwe! Mwaka huo huo alikwenda kumwamkia Thomas Auld, bwana wake wa zamani, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Mzee yule alitokwa na machozi, naye Douglass koo likamkaba asiweze kusema.

Mkewe Anna alifariki mwaka 1882. Mwaka 1884 alimwoa Helen Pitts, mwanamke wa Kizungu, na lawama zikatoka pande zote mbili. Babaye Helen, mpinzani wa utumwa tangu zamani, alikataa kumpokea mkwe huyo nyumbani mwake. Watoto wa Douglass nao hawakupendezwa.

Douglass alifariki humo tarehe 20 Februari 1895. Alikuwa amemwachia Helen nyumba, lakini mashahidi wa wasia hawakutimia, na sheria ikaukataa. Watoto walitaka kuuza. Basi Bibi huyu, ambaye wengi walimwona mgeni, akakopa fedha akanunua mafungu yao, akazunguka akihutubia ili alipe rehani. Alifariki mwaka 1903, deni bado. Tangu 1916 vyama vya wanawake weusi wa Marekani, chini ya Mary Talbert, vilichanga fedha hata rehani ikaisha. Serikali iliipokea nyumba mwaka 1962, ikaitengeneza, na mwaka 1972 milango ikafunguliwa kwa watu wote.