Mohammed Rafi: Sauti ya Nyuma ya Pazia

Utotoni mwangu mjini Mombasa niliamini, kama walivyoamini wenzangu wote wa mtaani, kwamba mchezaji wa filamu ya Kihindi ndiye aliyekuwa akiimba. Tulitoka sinema tukibishana ni nani aliyejaaliwa sauti tamu zaidi, Dilip Kumar au Shammi Kapoor. Mjomba wangu, aliyekuwa na sanduku zima la santuri, ndiye aliyetukata maneno: sauti ilikuwa moja, na mwenyewe hakuonekana hata mara moja. Siku ile nilihisi nimedanganywa. Leo, baada ya miaka mingi ya kushika chaki, naona kwamba aliyepunjwa hakuwa mimi.

Mohammed Rafi alizaliwa tarehe 24 Desemba 1924 katika kijiji cha Kotla Sultan Singh, karibu na Amritsar, jimboni Punjab. Husimuliwa kwamba fakiri mmoja alikuwa akipita kijijini akiimba, na mtoto huyo akimfuata nyuma huku akimwiga. Jamaa zake walipohamia Lahore, walikokuwa na duka la kinyozi, alipata walimu wa muziki wa jadi, miongoni mwao Ustadh Abdul Wahid Khan. Aliimba katika filamu ya Kipunjabi, Gul Baloch, iliyotoka mwaka 1944, na mwaka uo huo akaelekea Bombay kutafuta riziki.

India ilipogawanywa mwaka 1947, Noor Jehan, aliyeimba naye katika Jugnu, alihamia Pakistan. Rafi alibaki Bombay. Mwaka 1952 ikatoka Baiju Bawra, na ndani yake mna wimbo wa ibada ya Kihindu ulioandikwa na Shakeel Badayuni, ukatiwa muziki na Naushad na kuimbwa na Rafi. Wote watatu walikuwa Waislamu, na damu ya mgawanyiko ilikuwa haijakauka.

Lakini filamu ninayopenda kuwatajia wanafunzi wangu ni Pyaasa ya mwaka 1957, ambayo muziki wake ulitungwa na S. D. Burman. Humo Guru Dutt ni mshairi aliyekata tamaa na ulimwengu, ilhali Johnny Walker ni mchekeshaji apitaye mitaani akikanda watu vichwa kwa mafuta. Mshairi analia kwa sauti ya Rafi; mkandaji naye anatania kwa sauti ya Rafi. Asiyejua hawezi kudhani kwamba koo ni lile lile. Naye Kishore Kumar, mwimbaji hodari asiyehitaji kuazimwa sauti na mtu, aliimbiwa na Rafi katika filamu Raagini ya mwaka 1958. Huo ndio ufundi: si kupaza sauti tu, bali kumjua anayeimbiwa hata ukavaa roho yake.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini ulizuka ugomvi juu ya mrabaha. Lata Mangeshkar alidai kwamba mwimbaji apate fungu lake kila santuri inapouzwa. Rafi alikataa kumuunga mkono; kwake yeye, mwimbaji akishalipwa ujira wake hana dai tena. Wakaacha kuimba pamoja kwa miaka kadhaa, kisha wakapatana. Wapenzi wa Rafi humsifu kwa jambo hili, wakisema hakuwa na tamaa, na ni kweli kwamba upole na ukarimu wake ulijulikana Bombay nzima. Mimi, pamoja na kumpenda kote, nasema alikosea. Aliyeshiba anaweza kusamehe haki yake, lakini anaposamehe na ya mwenzake asiyejulikana, aliyeimba nyimbo tatu akasahauliwa, hiyo si hisani tena. Ilimpasa mwimbaji wa India angoje hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2012.

Na sisi wa pwani tusijitoe katika hesabu hiyo. Taarabu yetu ilichota bila hodi: Juma Bhalo alijipatia jina kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Nyimbo hizo nazipenda mno, wala sina nia ya kumshtaki marehemu. Ila nikiwauliza wanafunzi mahadhi yale ni ya nani, darasa hunyamaza.

Baada ya filamu Aradhana ya mwaka 1969, Kishore Kumar alimpita Rafi sokoni, na miaka michache iliyofuata ilikuwa mizito kwake. Alirejea kwa kishindo mwaka 1977 kwa wimbo wa Hum Kisise Kum Naheen, uliompa tuzo ya taifa. Wapo wanaodai aliimba nyimbo 28,000. Waliokaa wakahesabu wamepata karibu 5,000, nazo si haba.

Alifariki Bombay kwa maradhi ya moyo tarehe 31 Julai 1980, katika mwezi wa Ramadhani, akiwa na umri wa miaka 55. Maelfu ya watu walimsindikiza chini ya mvua hadi makaburi ya Juhu. Mwaka 2010 kaburi lake lilivunjwa ili kuwapisha maiti wengine, kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha. Mashabiki wanaokwenda kumzuru sasa huulizia mnazi uliokuwa karibu na kaburi hilo, wakasimama hapo.